Uko kijijini na unataka ajira serikalini? Usisubiri kazi ya kufanyia nyumbani

Vijana wa kwetu Mabamba, wilayani Kibondo mkoani Kigoma, wananiuliza sana swali hili: kaka, si siku hizi kuna kazi za serikali unafanya kwa laptop ukiwa zako nyumbani? Jibu langu ni fupi. Kwa hapa kwetu usipange maisha kwa kulisubiri hilo.

Mimi ni mtumishi wa halmashauri. Likizo naomba mtandaoni kwenye ESS, mfumo wa watumishi wa kujihudumia, kazi ninazofanya najaza PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wetu, hata anayetaka kuhama anaanzia mtandaoni. Karatasi zimehama kweli, lakini kiti changu kipo palepale na saa moja na nusu asubuhi natakiwa niwe nimekikalia. Hata waliotutangulia kwenye kufanyia kazi nyumbani wamerudi nyuma. Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Rais Trump wa Marekani aliagiza watumishi wa serikali kuu warudi ofisini siku zote za kazi. Anayeishi jirani na wizara pale Washington hakuumia sana. Aliyebanwa ni yule aliyepata ajira bila kuhama mji wake mdogo, ofisi ya karibu iko mbali huko, akaambiwa kazi inafanyikia ofisini.

Kwetu kilichobadilika ni namna ya kuomba na kusailiwa. Hapo ndipo mtu wa kijijini anaweza kujipunguzia umbali, au kujiongezea bila kujua.

Anza na akaunti ya Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi. Wengi wetu tunafunguliwa akaunti na kijana wa stesheneri pale mjini. Nimekaa kwenye benchi la stesheneri moja nikamtazama akiwahudumia watu: anauliza jina, anapokea vyeti, anaskani, halafu barua pepe anatunga mwenyewe na nywila anaiweka anayoijua yeye. Wateja wake karibu wote wana nywila ileile. Dada mmoja wa kijiji cha jirani alikuja kugundua ameitwa kwenye usaili wakati usaili umeshapita, kwa sababu kijana yule alikuwa amehamia Kahama na barua pepe yake. Kwa hiyo kabla hujakaa kwenye benchi hilo, uwe na barua pepe yako, namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, na namba ya NIDA. Nywila andika kwenye daftari lako, si lake. Elfu mbili tatu za huduma mpe kwa roho safi, kazi ya kuskani vizuri si ndogo.

Sasa jambo ambalo ningelipigia mistari miwili: makazi ya sasa. Ndani ya akaunti kuna sehemu unayojaza mahali unapoishi, na siku hizi Sekretarieti ya Ajira, chombo cha serikali kinachosaili waombaji, inapofanya usaili mikoani huitumia hiyo kukupangia kituo. Usaili wa walimu mwanzoni mwa 2025 ulifanyika hivyo, mikoani, na waombaji walikuwa zaidi ya 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000. Sasa mhitimu aliyefungua akaunti akiwa chuo Dar es Salaam au Mwanza anarudi nyumbani kulima maharage, makazi hayagusi. Anaitwa usaili Dar. Kutoka Kibondo! Wakati kama angehuisha taarifa zake angesailiwa Kigoma mjini na kulala kwa shangazi. Ukihama, badilisha siku hiyohiyo. Ukishaona jina lako kwenye orodha ya mkoa mwingine, kuhangaika ni juu yako.

Kuhusu vyeti, soma tangazo la kuitwa kwenye usaili hadi mstari wa mwisho. Wanataka vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne na kuendelea. Karatasi za matokeo, yale makaratasi ya "result slip" na "testimonial", hawapokei, na wanaorudishwa mlangoni kila mara wapo. Halafu majina. Kijijini kwetu mtu anaandikishwa darasa la kwanza kwa jina la babu, kidato cha nne anatumia la baba, NIDA inasoma kivingine. Hilo linatengenezwa kwa wakili, kwa hati ya kiapo au ya kubadili majina, na wakili hayupo kijijini. Lishughulikie siku umekwenda mjini kwa mambo mengine, si wiki ya usaili.

Gharama ni zako zote: nauli, chakula, malazi. Wameandika wazi. Na usaili kwa kawaida hauishi kwa mara moja. Unafanya mtihani wa mchujo, ukifaulu unarudi kwa mahojiano, na baina yake zinaweza kupita siku kadhaa. Anayeweka nauli ya kwenda na kurudi tu hujikuta anachagua kati ya gesti na kula. Piga hesabu ya siku zote zilizoandikwa kwenye tangazo, ufike siku moja kabla. Basi la asubuhi ya siku yenyewe mimi siliamini, hasa masika.

Halafu chagua kazi kwa akili. Vijana wengi wanaomba nafasi za wizarani Dodoma tu, ambako nchi nzima inagombea kiti kimoja, na wanaruka tangazo la Mtendaji wa Kijiji lililobandikwa kwenye ubao wa halmashauri yao. Nafasi hiyo inataka aliyemaliza kidato cha nne au sita na mafunzo ya fani kama utawala, sheria au maendeleo ya jamii, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa. Mtendaji anatakiwa akae kijijini. Vivyo hivyo afisa ugani, mwalimu, muuguzi wa zahanati. Sharti hilohilo la kuwepo kazini, linalomtesa anayetaka kuajiriwa bila kuhama, hapa linakupendelea wewe uliyezoea kuchota maji kisimani na kutembea hadi kitongoji cha mwisho. Ila usitegemee kupangiwa kijiji cha mama yako. Waweza kupelekwa wilaya usiyoijua, na huko ukaripoti na fedha ya kujikimu ya mwezi mzima au zaidi, kwa maana mshahara wa kwanza huwa na mambo yake hadi uingizwe kwenye mfumo.

Cha mwisho ni mtandao. Kama kwenu simu inashika ukipanda kilimani tu, tafuta mtu mmoja wa mjini unayemwamini, ndugu wa damu ikiwezekana, mpatane awe anapitia matangazo ya kuitwa kazini na kwenye usaili. Tangazo likishatoka muda huwa mfupi. Mpe namba yako, na namba ya jirani au mwenye duka pale senta, maana yako inaweza kuzima chaji.