Maswali ya wasomaji: Lenzi gani kwa anga la usiku?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nina kamera yenye sensa ya APS-C na lenzi iliyokuja nayo, 18-55mm ya f/3.5-5.6. Nataka kupiga picha za Njia Nyeupe. Rafiki yangu mmoja ananihimiza ninunue 14mm ya f/2.8 kwa kuwa inachukua anga kubwa. Mwingine anasema 24mm ya f/1.4. Mimi naitazama 50mm ya f/1.8 kwa sababu ndiyo ninayoimudu. Nichukue ipi?

Jibu: Marahaba. Rafiki yako wa kwanza ameanza na upana wa picha, na wengi huanzia hapo. Mimi naomba uanze na tundu. Gawa urefu wa fokasi (ile namba ya mm) kwa namba ya f, utapata kipenyo cha tundu linalopitisha mwanga. 14 kwa 2.8 ni milimita 5. 24 kwa 1.4 ni milimita 17. 50 kwa 1.8 ni karibu milimita 28. Sasa pima na hiyo uliyonayo: 18 kwa 3.5 ni milimita 5 na kidogo. Kwa hiyo 14mm unayohimizwa kununua haina tundu pana kuliko la lenzi iliyomo tayari kwenye begi lako!

Kuna na suala la muda. Dunia inajizungusha nyuzi 15 kwa saa, hivyo shata ikikaa wazi mno, nyota hugeuka vistari. Kanuni ya zamani inasema ugawe 500 kwa urefu wa fokasi. Ilitosha kwa filamu, lakini sensa za leo zina pikseli nyingi na zinaonyesha kila msogeo, kwa hiyo mimi natumia 300. Kwa sensa yako, ambayo ni ndogo kuliko fremu ya filamu, zidisha kwanza urefu wa fokasi kwa 1.5. Utapata sekunde 14 kwa lenzi ya 14mm, 8 kwa ya 24mm, na 4 tu kwa ya 50mm.

Ukizidisha eneo la tundu kwa muda huo, utaona kwamba 24mm ya f/1.4, ingawa inafungua kwa muda mfupi zaidi, inakusanya mwanga wa nyota moja karibu mara 7 ya ile 14mm. Ukungu mweupe wa Njia Nyeupe wenyewe una hesabu nyingine, kwa sababu si nukta. Hapo namba ya f ndiyo inayotawala. f/1.4 inapitisha mwanga mara 4 ya f/2.8, na hata ukiondoa muda uliopungua, bado unabaki na zaidi ya mara 2. Picha yenye mwanga mwingi ina chengachenga chache, na ile michirizi myeusi ya vumbi katikati ya Njia Nyeupe inajitokeza. Mimi michirizi hiyo ndiyo inayonitoa nje usiku.

Kabla ya kulipa, chunguza pembe za picha. Hapa ndipo lenzi nyingi zenye sifa kubwa mchana zinapofeli. Tundu likiwa wazi kabisa, nyota za pembeni huota mabawa kama ndege anayeruka. Iazime au uikodi kwa usiku mmoja, elekeza nyota angavu katikati, kisha uisogeze hadi pembeni. Piga kwa f/1.4, halafu f/2, halafu f/2.8, ukuze picha uone mabawa yanakoma wapi. Wewe una bahati moja: lenzi iliyotengenezwa kwa sensa kubwa ikivaliwa na kamera yako, zile pembe mbaya zinabaki nje ya picha.

Usiidharau 50mm. Haitakupa Njia Nyeupe nzima ikiwa imesimama juu ya nchi kavu, maana inaona nyuzi 27 tu kwa upande mrefu. Lakini mkanda wa Jabari (kundi la nyota la Orion) na upanga wake, au Kilimia, vinakaa humo vizuri sana. Punguza tundu lake hadi f/2.8, bado litakuwa milimita 18.

Ushauri wangu: usinunue kwanza. Chagua usiku usio na mwezi, toka na lenzi yako uliyonayo ikiwa 18mm, f/3.5, sekunde 11, ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) 3200, kamera ikiwa juu ya stendi. Ondoa kichujio cha mbele na uzime kitulizi cha mtikisiko. Fokasi ifanye kwa mkono: kuza nyota angavu kwenye skrini, zungusha mpaka iwe nukta ndogo kabisa, wala usiamini alama ya mbali kabisa iliyoandikwa kwenye lenzi. Ukiona unavutiwa zaidi na makundi ya nyota, nunua 50mm. Ikiwa ni Njia Nyeupe pamoja na nchi, weka akiba ya 24mm, hata iliyotumika, hata isiyo na fokasi ya kujiendesha.

Swali: Mwalimu, mwezi mpevu umetoka kidoa cheupe kisicho na kitu ndani. Nilitumia 55mm. Kosa ni la lenzi?

Jibu: Nusu yake. Mwezi una upana wa nusu nyuzi tu angani. Gawa urefu wa fokasi kwa 110: kwa 55mm unapata nusu milimita kwenye sensa, kwa 300mm karibu milimita 3. Weupe umetokana na kamera kupima giza lililouzunguka na kuongeza mwanga, ilhali mwezi unaangazwa na jua moja kwa moja. Ukiwa juu angani, anza na ISO 100, f/11 na 1/125 ya sekunde. Tundu pana hulihitaji, kwa hiyo 300mm ya bei nafuu inatosha kabisa. Tena usingoje mwezi mpevu. Upige ukiwa nusu, ukitazama mstari unaotenganisha mwanga na giza, kwa sababu pale jua linapiga kwa upande na kila shimo linatoa kivuli kirefu.