Vidole vinne si saa nzima: jibu kwa anayetaka kutazama jua likizama juu ya miamba

Mkuu, nimesoma bandiko lako mpaka mwisho, nikaweka simu chini, nikaichukua tena. Umesema Jumamosi unampeleka bimkubwa mwenye goti bovu na watoto wawili kwenye kieneo kidogo cha hifadhi ya miamba, mkakae kwenye jiwe la juu kabisa mpaka jua lizame, halafu mshuke "taratibu". Umeuliza mvae viatu gani, mbebe kamera gani, jiwe lipi linatoa picha nzuri, kama watoto wanaweza kupanda zile nguzo za mawe, na kama mvua ikinyesha muahirishe. Kisha ukamalizia kwamba suala la muda halikupi presha, kwa kuwa umejifunza kupima jua kwa vidole: ukinyoosha mkono, vidole vinne kati ya jua na upeo wa macho ni saa nzima.

Si saa nzima. Ni nusu saa, na hapo nimekuhurumia.

Samahani kwa kutosalimia. Elimu hiyo ya vidole na mimi niliipata, kwa jamaa niliyekuwa nafanya naye kazi. Ana kofia ya kupandia milima, ile yenye kamba ya kidevuni, na mtu mwenye kofia ya namna hiyo ni vigumu kumbishia. Alinyoosha mkono dirishani pale ofisini, akafumba jicho moja, akasema, "Kila kidole dakika 15. Simu inaweza kuzima, vidole havizimi." Nikaipokea kama ilivyo. Yaliponikuta niliyokutana nayo nikamfuata kumuuliza, akaniambia aliona kwenye video ya mtu wa Ulaya. Hajawahi kujaribu mwenyewe hata siku moja. Ile kofia nilikuja kugundua anaivaa akiosha gari.

Hesabu yenyewe wala haihitaji chuo kikuu. Dunia inajizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa. Vidole vinne vya mkono ulionyooshwa vinaziba nyuzi 7 au 8 za anga. Huko kwa wenzetu walio mbali na ikweta jua halishuki wima, linateremka kwa mshazari, kwa hiyo linachukua muda mrefu kumaliza hizo nyuzi 8 na kuufikia upeo wa macho. Ndiyo maana kwao vidole vinne vinakaribia saa. Sisi tulio karibu na ikweta jua linadondoka wima. Nyuzi 8 zinaisha kwa nusu saa na dakika chache. Kidole kimoja ni kama dakika 8, si 15. Nusu ya muda uliodhani unao haipo, na hakuna mtu kakuibia, haikuwahi kuwepo.

Subiri, bado. Jua likishazama kuna ule mwanga unaobaki, ambao ndio unaoutegemea kushukia, hata kama hukuuandika. London mwezi wa 6 mwanga huo unadumu zaidi ya dakika 40 kabla mtu hajahitaji taa. Karibu na ikweta ni dakika 20 na kitu, kwa sababu ileile: jua likishapita chini linaendelea kuzama wima, halina muda wa kubembeleza. Kwa hiyo yule wa kwenye video hakudanganya. Alisema kweli ya kwao. Aliyedanganya ni wa kofia, na wote wanaorudia humu jukwaani bila kutoka nje kuangalia saa. Kuna mdau hapo juu amekugongea like kwa hiyo aya ya vidole. Wewe mdau, nakuona.

Na kuna kitu cha tatu ambacho hakuna mtu aliniambia. Ukitaka kuona jua likizama unakaa upande wa magharibi wa mwamba. Sasa njia ya kushukia mara nyingi iko nyuma, mashariki, kwa sababu kule mbele ni genge tupu. Upande huo umeshaingia kivulini zamani. Juu unaona anga inang'aa, unajisemea mwanga upo wa kutosha, unageuka, unashuka hatua kumi na kuingia kwenye kiza ambacho kilikuwa kinakusubiri tangu alasiri.

Sasa mimi hayo yote nilijifunzia wapi, na nikiwa na nani? Na baba mkwe. Kati ya binadamu wote waliopo duniani.

Mzee alikuwa amekuja kututembelea, nami nikataka aone kwamba binti yake ameolewa na mtu mwenye mipango. Alikuwa na viatu vyake vya ngozi vya kutokea, soli laini inayong'aa. Nikamwambia havina shida baba, ni kibustani tu. Tukapanda vizuri, tukipumzika hapa na pale, tukafika juu kwenye lile jiwe lenye uzio. Mandhari siwezi kuibishia, ilikuwa nzuri. Nikanyoosha mkono mbele ya familia nzima, nikafumba jicho kama nilivyofundishwa, nikatangaza, "Baba, tuna saa nzima." Mzee akatikisa kichwa kwa heshima. Mke wangu akasema simu yake inaonyesha tofauti. Nikamwambia simu zinakosea.

Jua lilizama nikiwa bado naeleza faida za kutotegemea simu.

Hapo tungeondoka mbio tungepona. Lakini rangi tamu kuliko zote huja dakika chache baada ya jua kuzama, mawingu yanapowaka kwa chini, na hakuna mtu mwenye akili zake anayeondoka wakati huo. Tukapiga picha. Tukapiga nyingine za pamoja. Simu zetu zilikuwa zimeshinda zikipiga picha na video tangu mchana, kwa hiyo hizo hizo zilizotakiwa kuwa tochi zilikuwa zinaomba chaja.

Njia ya kwenye miamba ukiwa na mwanga ni rahisi, unaona jiwe limesuguliwa na nyayo za watu, unaona mishale ya rangi. Kikiingia kiza, mwamba wote unakuwa wa rangi moja na kila upenyo kati ya mawe mawili unafanana na njia. Mzee akauliza, "Kijana, hapa ndipo tulipopita?" Nikamjibu ndiyo baba. Hatukupita hapo. Tulitokea kwenye ubapa wa jiwe ulioinama, wenye ukungu wa mawe, yale madoa ya kijivu na kijani ambayo yakipata umande yanateleza vibaya. Mzee akaona bora akae chini ateleze kwa makalio. Mkuu, kuna mambo mkwe hatakiwi kuyaona, na mojawapo ni baba wa mke wake akiserereka gizani kwa makalio huku akikuita kwa jina lako kamili. Katikati akapoteza mhimili, akatanguliza kiganja kujizuia. Kifundo cha mkono kikavunjika.

Kushuka kulichukua muda wa mechi nzima mpaka dakika za nyongeza. Mlinzi alitupata kwa kufuata sauti ya mke wangu, ambayo wakati huo haikuwa kazi kuifuata. Geti lilikuwa limeshafungwa na gari letu likiwa ndani. Yaliyofuata ni hospitali, plasta, kliniki, mzee hawezi kujifunga vifungo vya shati, na mimi ndiye dereva wa kila safari ya kliniki, sawa, nilistahili. Amepona kabisa. Ila mpaka leo ndugu wakikusanyika, ananyoosha mkono mbele ya watu wote, anafumba jicho, anauliza, "Kijana, bado saa ngapi?" Nacheka pamoja nao. Nimejifunza kucheka mapema kabla yao, inasaidia.

Sasa hilo neno "kidogo" ulilolitumia ndilo linalonichoma zaidi. Hata mimi niliambiwa ni kidogo. Ubao wa getini uliandika urefu wa mzunguko tu, kilomita 3, bila kusema unapanda kiasi gani. Kilomita 3 za miamba si kilomita 3 za barabarani! Mskoti mmoja, William Naismith, aliweka kanuni mwaka 1892 ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, kisha ongeza saa nyingine kwa kila mita 600 unazopanda. Tufanye mzunguko wako ni kilomita 3 na mnapanda mita 300. Hapo ni dakika 36, jumlisha 30, zaidi ya saa. Na hiyo ni kwa watu wazima wenye afya wasiosimama popote. Wewe una mtoto atakayetaka kukojoa na mwingine atakayetaka kubebwa. Kanuni yenyewe haikumfikiria bimkubwa mwenye goti.

Na kwa huyo bimkubwa, kushuka ndiko kubaya, usidanganywe na neno "kuteremka". Wakati wa kupanda misuli ya paja inasukuma. Wakati wa kushuka inafunga breki kila hatua, ikiwa imeshachoka, na goti ndilo linalopokea. Juu ya hapo, mboni ya jicho la mzee haipanuki gizani kama ya kijana. Pale wewe unapoona jiwe, yeye anaona doa.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine ukisahau sikulaumu: muda mliotumia kupanda, muwe nao wote mkononi kabla jua halijazama, ndipo muanze kushuka. Mmepanda kwa saa moja na robo? Jua linazama saa 12 na nusu? Basi saa 11 na robo mnageuza, hata kama hamjafika juu. Angalia saa mnapoanza, angalia mnapofika, toa. Saa ya jua kuzama ipo kwenye simu, iandike kwenye karatasi simu isije ikazima. Mkono wako uache mfukoni.

Najua utasema, sasa jua tutaliona wapi? Muulize mlinzi kama kuna sehemu ya kutazamia karibu na maegesho. Hifadhi nyingi zinayo, watu wanaipita wakikimbilia ya juu. Kaeni hapo, jua ni lilelile. Au nendeni alfajiri, mnaanza kunapopambazuka, mkichelewa mwanga unazidi kuongezeka badala ya kuwakimbia.

Tochi beba hata kama mnakwenda mchana. Ya kichwani ni nzuri kwa sababu mikono inabaki huru, ila ikiwa usawa wa macho inafuta vivuli, mashimo yanaonekana kama tambarare. Ukiishika usawa wa kiuno vivuli vinarudi na unaona pa kukanyaga. Hili nimelijua baadaye sana. Wa kofia hakulifundisha.

Watoto na nguzo za mawe: hapana. Jiwe la mchanga linaonekana gumu wakati sivyo. Kule Marekani, jimbo la Oregon, pwani ya Cape Kiwanda, palikuwa na jiwe maarufu waliloliita Duckbill. Mwaka 2016 likakutwa limevunjika, watu wa hifadhi wakadhani limeanguka lenyewe, mpaka ikatoka video ya kikundi cha watu wanalisukuma kwa mikono. Mikono tu. Na si jiwe la mchanga tu: hukohuko Marekani, jimbo la New Hampshire, palikuwa na mwamba wa matale wenye sura ya mzee, waliufunga vyuma kwa miaka mingi usianguke, na tarehe 3 Mei 2003 ukaanguka hivyohivyo na vyuma vyake. Kwa hiyo ile pua ya jiwe inayoning'inia, ambayo kila mtu anapigia picha, mpige bimkubwa akiwa nyuma ya uzio. Mvua ikinyesha ahirisha. Jiwe la mchanga likilowa linapoteza nguvu, na wapandaji wenyewe huliacha likauke kwanza.

Viatu, soli ya mpira yenye meno. Kamera sina la kusema, picha zangu zote za siku ile mke wangu alizifuta. Ulichouliza kingine sikikumbuki na sipandi tena juu kukisoma. Ila piga simu getini uulize wanafunga saa ngapi, maana sisi hilo hatukuuliza, na gari lililala huko.