Kwa nini alikataa kuku wangu?

SWALI: Mimi ni mwalimu na ni Msabato. Shuleni kwetu amekuja mwalimu mpya kutoka Mbale, Uganda, anayesema yeye ni Myahudi. Nilifurahi, maana siku yetu ya kupumzika ni moja na nguruwe sote hatuli. Nikamkaribisha nyumbani, nikamchinjia kuku. Alikunywa soda tu. Nilipomuuliza akasema, "Dada, dini yetu ni ngumu." Ngumu kwa lipi kuliko yetu? Au alinidharau?
Msomaji, Kisii

JIBU: Mwalimu, hakukudharau. Mhariri amenipa mimi swali lako kwa sababu nami nimezaliwa upande huo wa Mbale, kwenye kilima cha Nabugoye, katika jamii ya Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda. Sasa ni mwaka wa 11 niko Nairobi nikishona nguo. Chakula cha watu walionipenda nimekikataa mara nyingi, na sijawahi kuzoea. Mtu amekuchinjia kuku, nawe unakaa na chupa ya soda mkononi huku watoto wake wakikutazama. Mimi hapo ndipo dini hunilemea zaidi.

Haitoshi kwetu kwamba mnyama si nguruwe. Mchinjaji ni mtu aliyesomea kazi hiyo. Nikiwa mdogo nilikuwa nikichuchumaa karibu na mzee wetu akikagua kisu. Alipitisha makali juu ya ukucha wake, polepole, kwenda na kurudi. Akihisi kipengo kidogo tu, alirudi kwenye jiwe la kunolea akaanza upya, na kuku anangoja. Baada ya kuchinja, nyama inalowekwa nusu saa, inapakwa chumvi ikakaa saa nzima ili damu itoke, kisha inaoshwa. Na hata kama ungemleta mchinjaji huyo kwako, ingebaki sufuria. Kwetu nyama na maziwa havikutani: sufuria za nyama mbali, za maziwa mbali, hadi mwiko. Jirani zangu Waislamu huniuliza, "Hata halali yetu?" Nawajibu hata hiyo, na naona inavyowauma. Halafu unajua desturi zetu, mgeni akishakula nyama huletewa chai ya maziwa. Mimi husubiri muda wa saa sita ndipo niinywe.

Sabato nayo mnaijua, lakini mipaka yetu iko kwingine. Zimekatazwa kazi 39, na nyingine huwezi kuzidhania kuwa kazi. Kuchambua mawe kwenye maharage ni mojawapo, kwa hiyo yangu nayachambua Alhamisi usiku. Kuwasha taa hapana, kupanda matatu hapana. Lililonitoa machozi ni kubeba. Kutoka nyumbani hadi njia kuu hutakiwi kubeba kitu, na mtoto asiyeweza kutembea ni mzigo. Sisi wanawake wa huku, mtoto ni wa mgongoni! Kifungua mimba wangu alipozaliwa, Jumamosi nilibaki nyumbani, leso imening'inia msumarini, mume wangu akienda kusali peke yake. Mwaka mzima na zaidi.

Mitihani ya Jumamosi sina haja ya kukueleza. Wangu wa mwisho chuoni uliangukia siku hiyo, nikaambiwa kwa upole kwamba ratiba haibadiliki. Nikarudia mwaka.

Kuna jambo jingine ambalo huenda mwenzako hakulisema. Sala zetu kadhaa haziwezi kusaliwa bila watu kumi. Nabugoye mimi mwanamke nahesabiwa. Kwa Wayahudi wa Kiorthodoksi, mrengo unaoshika sheria za kale kwa ukali, wanaohesabiwa ni wanaume pekee. Huko Kisii yeye ni mmoja. Kuna maneno ya kumwombea marehemu baba yake ambayo hawezi kuyatamka, kwa sababu wamepungua tisa.

Na kuna wanaomuuliza kama ni Myahudi kweli. Jamii yetu ilianza mwaka 1919, pale Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, alipoisoma Torati, akatahiriwa pamoja na wanawe. Wakati wa Idi Amin dini yetu ilipigwa marufuku. Babu yangu alisali gizani, madirisha yamefungwa, na wengi wakahamia dini nyingine hadi mwaka 1979 Amin alipoondoka. Mwaka 2002 marabi wa mrengo wa Kikonsavativu, mrengo wa Kiyahudi usio mkali kama wa Kiorthodoksi, walikuja wakatuongoa rasmi, mamia yetu. Nilikuwa na miaka 13, nikazamishwa majini pamoja na mama yangu. Waorthodoksi hawautambui uongofu huo. Wengine kijijini Putti wakafanya upya, wa Kiorthodoksi, mwaka 2016. Kwa hiyo unachambua maharage yako Alhamisi, unakosa mtihani, unamnyima mwenyeji wako furaha, kisha Myahudi mwenzako anakuuliza, "Lakini ninyi ni Wayahudi?" Swali hilo sijapata jibu lisiloniacha na uchungu.

Mkaribishe tena, Mwalimu, tafadhali. Usipike. Kisii hamkosi ndizi. Mwekee chane nzima ya ndizi mbivu mezani, na maparachichi ambayo hayajakatwa. Kisu atakuja nacho mwenyewe, na hapo atakula mpaka muongee.