Asmini ya uani na mwanga wa baharini

SWALI: Mhariri, mwanangu wa darasa la saba kapewa kazi ya kulinganisha kiumbe wa nchi kavu na wa seli moja wa baharini. Kachagua mwasmini wetu wa chunguni na vile vinavyowaka usiku kasia likipiga maji. Asema vyote ni mimea. Ni kweli? Tena, mbona majani ya mwasmini huo yanaungua pembeni? Twamwagilia maji ya kisima kila siku.
Mama wa Mkomani, Lamu

JIBU: Mama, mwasmini ni mmea, hicho cha pili sicho. Kama mkichota mwaona vidonge angavu mfano wa sago iliyoiva, hiyo ni noktiluka, seli moja yenye upana wa milimita 0.2 hadi 2. Haina klorofili, kwa hiyo haijipikii chakula kwa jua. Hunasa vijimea vidogo ikavimeza. Iko ya kijani, ya Bahari ya Uarabuni, inayofuga vijimea hai mwilini, lakini hata hiyo hula.

Kwenye mwasmini mizizi hunywa, majani hupika, ua hufunguka jua likitua na kunukia. Noktiluka hula, huelea, huwaka na kugawanyika kwa seli ile ile moja.

Mtoto asiache kuandika habari ya chumvi, kwani ndiyo inayojibu swali lako la pili. Noktiluka ukiitia kwenye maji matamu hufura ikapasuka. Mwasmini ni kinyume: udongo ukijaa chumvi mizizi hushindwa kuvuta maji, na chumvi kidogo inayopenya hukusanyika kwenye kingo za jani, maji yanapokauka. Onja maji ya kisima chenu. Yakiwa na munyu, mwagilia ya mvua au maji matamu ya kijiji jirani cha Shela, mengi kwa mara moja, hadi yatoke chini ya chungu. Rudia mara tatu. Usiweke sahani chini, chumvi itarudi juu. Majani yaliyoungua hayaponi, tazama machipukizi.

Kuona mwanga, mchote maji ya juu usiku wa kiza, maana noktiluka huelea. Myatie kwenye gilasi, mzime taa dakika 10 macho yazoee, kisha mtoto akoroge taratibu kwa kijiti. Akikoroga mfululizo mwanga hufifia, aziache zipumzike. Maji ayarudishe baharini usiku ule ule, yakilala dirishani huenda zikafa kwa joto la jua.