Kabla ya kuuliza kitanda chako, uliza farasi analala wapi

Mvua zikianza kukata mwezi wa tano, simu zinaanza kuingia. Rafiki yuko Dodoma, mwingine Dar, mwingine hapo Mbeya mjini tu: "Nasikia Mufindi huko Iringa watu wanapanda farasi. Nitafutie kambi nzuri ya wikiendi." Wanaposema nzuri wanamaanisha picha. Ukungu juu ya mashamba ya chai, moto unawaka, mtu yuko juu ya farasi na koti la baridi. Picha ni haki yao. Mimi kambi ya farasi naipima kwa mahali anapolala farasi, na mpaka leo kipimo hicho hakijaniangusha. Mwenye kambi anayemlaza farasi vizuri, mara nyingi hata wali wake umeiva.

Farasi si mnyama wa kila kona ya nchi hii. Huko bondeni, kuelekea Ruaha, kuna mbung'o, na mbung'o akimng'ata farasi anaweza kumwachia ugonjwa wa nagana ukamkondesha mpaka akafa. Halafu kuna usubi, vidudu vidogo kuliko mbu, vinavyoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Punda anaweza kuupata akaendelea na shughuli zake. Farasi asiye na kinga mara nyingi haponi, na huenda kwa siku chache tu. Miinuko ya Mufindi, takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ina nafuu kwa sababu ya baridi. Nafuu, si kinga.

Usubi hutembea zaidi kuanzia jua linapozama hadi linapochomoza. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwenye simu ni hili: farasi wanaingia bandani saa ngapi? Akinijibu kabla giza halijaingia, na asubuhi wanatolewa jua likishapanda, naendelea kuongea. Akiniambia wanafungwa nje karibu na bwawa ili wageni wawaone vizuri wakati wa kula, namshukuru na nakata simu. Swali la pili ni chanjo. Anayechanja hukujibu bila kusita, tena wengine hukutajia na jina la daktari wa mifugo kabla hujaliuliza.

Maji nayo. Farasi mmoja mkubwa anakunywa lita 30 hivi kwa siku, na zaidi akitoka jasho. Kambi inayochota maji kwa madumu kutoka kijitoni, ikiwa na farasi sita, hebu piga hesabu wewe mwenyewe ya nani anayabeba. Angalia pia kama nyasi kavu zimewekwa mahali pasipovuja. Nyasi zilizoota ukungu humletea farasi shida ya kifua na tumbo, na tumbo la farasi halina mchezo: hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia vibaya kinamsokota humohumo ndani. Ndiyo maana saisi mzuri, yaani mtunza farasi, atakukataza kumpa farasi kiporo cha ugali hata kama amekutolea macho ya huruma. Msikilize.

Ukifika, usipande kwanza. Omba umwone farasi wako kabla hajawekewa tandiko. Pitisha kiganja taratibu kwenye uti wa mgongo wake, kuanzia mabegani kwenda kiunoni, ukikandamiza kidogo. Akiinamisha mgongo, akigeuza masikio nyuma au akitaka kung'ata, huenda ana kidonda au maumivu chini ya pale tandiko linapokaa. Tazama nyuma ya miguu ya mbele, unapopita mkanda wa tumbo, kama manyoya yamechubuka. Kisha mwombe saisi anyanyue kwato. Unatafuta mawe yaliyobana, harufu ya kuoza, na kama amepigwa viatu vya chuma, misumari iliyolegea. Kazi yote hiyo haimalizi hata dakika kumi. Saisi anayejua kazi yake hufurahi kuona mgeni anauliza. Anayekasirika amekwishakuonyesha jambo.

Mkanda wa tumbo nao una siri yake. Farasi wengi hujaza tumbo wakati unakazwa, halafu wakitembea hatua chache wanapumua na tandiko linalegea. Kwa hiyo hukazwa mara mbili: mara ya kwanza bandani, mara ya pili baada ya kumtembeza kidogo, kabla hujaweka mguu kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia. Usipoona mara ya pili, uliza.

Uzito husemwa kwa aibu, lakini ni lazima usemwe. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba mpandaji, nguo zake na tandiko kwa pamoja wasizidi moja ya tano ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 450 anabeba kilo 90, na humo ndani tandiko limeshachukua chake. Kama wewe ni mtu wa mwili, taja kilo zako kwenye simu. Kambi inayojiheshimu itakuandalia farasi mkubwa au itakwambia ukweli. Isiyouliza kabisa, mimi siiamini.

Sasa njia. Kwa anayeanza, sina ubishi: mashamba ya chai ya Mufindi. Barabara za katikati ya chai ni pana, miteremko yake si mikali, na unaona mbali, kwa hiyo trekta au bodaboda haikushtukizi. Taabu ni mbili. Wachumaji huvaa mashuka ya nailoni kiunoni kujikinga na umande, na nailoni ikipepea kwa upepo farasi anaweza kuruka pembeni; punguza mwendo, salimia kwa sauti ili farasi naye ajue kuwa pale kuna binadamu. Ya pili ni dawa ya magugu. Usimwache farasi ale majani ya kingo za shamba, hata yawe mabichi namna gani.

Msitu wa kupandwa wa Sao Hill, karibu na Mafinga, unafaa kwa aliyekwishazoea. Zile njia pana za kuzuia moto katikati ya misonobari ni laini chini ya kwato na zina kivuli, ila msitu una wenyewe: kambi iwe imeomba ruhusa, na iwe inajua wiki hiyo magogo yanakatwa upande gani. Lori la magogo kwenye kona, pamoja na msumeno unaolia, ni mambo mawili ambayo hutaki kukutana nayo ukiwa juu ya mnyama wa kukimbia. Kuanzia mwezi wa tisa, nyasi zikishakauka, uliza pia habari za moto.

Kwenye misitu ya asili ya ukingo wa milima ya Udzungwa, naomba mwenye kambi anieleze madaraja. Daraja la magogo linalobeba mtu na baiskeli linaweza kumnasa farasi mguu kati ya gogo na gogo. Kama jibu ni "tunapita tu", basi tunapita kwingine.

Wa Mbeya huniuliza habari za Ngozi, ule mlima wenye ziwa la kreta juu. Jamani, Ngozi ni ya miguu. Ile njia ya kupanda hadi kuliona ziwa ina mizizi, utelezi na mwinuko. Mwache farasi apumzike, nenda na fimbo. Kitulo nako watu wanaona uwanda wa nyasi wakadhani ni uwanja wa farasi. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kwa hiyo taratibu za hifadhi kwanza. Pia ni juu sana, kama mita 2,600, na maua yake yanachanua msimu wa mvua, wakati ardhi imelowa na ukungu unashuka bila kubisha hodi. Maua yaone kwa miguu.

Ukipita kijijini, kumbuka wewe ndiye kioja. Watoto watakuja mbio wakipiga kelele, mbwa nyuma yao. Simama mapema, mwambie mkubwa mmoja wao awazuie wenzake wasimzunguke farasi kwa nyuma. Ukikutana na mzee njiani, shuka. Kusalimia "kamwene" ukiwa juu kule, huku mzee amekunja shingo kukutazama, haipendezi hata kama hatakwambia. Ukikaribishwa ulanzi, ile pombe ya mianzi, na msimu wake ukikukuta hutakosa kukaribishwa, sema utakunywa jioni farasi akishaingia bandani.

Mavazi sitayarefusha. Kiatu kiwe na kisigino kifupi na soli isiyo na meno makubwa, ili mguu usipenye wala kunasa kwenye kikuku. Raba za mpira na ndala hapana. Ndani ya jinzi vaa taiti, la sivyo mishono itakuchuna mapaja. Kofia ngumu iwe ya kupandia farasi, kambi iwe nayo ya saizi yako. Helmeti ya bodaboda ni nzito na inakuziba masikio. Na sweta, tafadhali: Juni na Julai huku umande unaganda kwenye majani.

Ratiba ipange kwa kujihurumia. Farasi kwa mwendo wa kutembea huenda kama kilomita 6 kwa saa, kwa hiyo saa tatu za Jumamosi zinamtosha mgeni. Jumapili iwe safari ya saa moja na nusu tu, asubuhi, jua likishapanda, kwa sababu mapaja yatakuwa yanalalamika na kuna basi la kuwahi. Mengi yanayotoka Mbeya alfajiri kwenda Dar hupita Mafinga kabla ya mchana, na kutoka kwenye chai hadi lami kuna mwendo. Mwambie mwenye kambi mapema akutafutie usafiri wa kukushusha Mafinga, na bei mkubaliane Jumamosi.