Kabla ya Kuihukumu Valvu ya Mota: Maneno kwa Wanagenzi

Mwanagenzi wa mabomba au umeme hapa Nakuru anaweza kufanya kazi kwa muda mrefu bila kukutana na mfumo wa kupasha nyumba joto, kwa kuwa nyumba nyingi za mjini hutosheka na hita ya bafuni au paneli ya jua juu ya paa. Ukipanda kuelekea Molo, ambako mwinuko ni karibu mita 2,500 na baridi ya Julai haina mchezo, ndipo utaanza kuitwa kwenye nyumba na hoteli chache zenye boila, pampu na rejeta za ukutani zinazotoa joto chumbani. Huko utasikia mara kwa mara kwamba valvu ya mota, ile inayofungua na kufunga njia ya maji moto, imekufa. Wakati mwingine ni kweli. Hata hivyo, kwa kuwa kipuri chenyewe mara nyingi huagizwa kutoka Nairobi na mteja hulipia kila safari yako, ni wajibu wako kujua ni sehemu gani hasa iliyokufa kabla ya kumwambia atoe pesa.

Valvu ya kawaida ya njia mbili ina sehemu tatu zinazoharibika kila moja kwa namna yake: mwili wa shaba nyeupe unaopitisha maji, mota ndogo inayozungusha kishina cha kufungulia, na swichi ndogo iliyofichwa ndani ya kichwa, yaani kisanduku cha mota kilicho juu ya mwili. Thamostati, yaani swichi inayofuata kiwango cha joto, inapoomba joto, umeme huingia kupitia waya wa kahawia, mota hufungua njia polepole huku ikivuta springi, na valvu ikishafunguka kabisa swichi hujifunga na kupitisha umeme kutoka waya wa kijivu hadi waya wa rangi ya chungwa, ambao ndio unaowasha boila na pampu. Ombi likikoma, springi huirudisha valvu mahali pake. Mota hiyo hubaki na umeme muda wote valvu ikiwa wazi, kwa hiyo ukiigusa na kuhisi joto usiitilie shaka kwa sababu hiyo pekee.

Waya wa kijivu una umeme hata thamostati ikiwa imezimwa. Kwa hiyo kuzima saa ya mfumo au kuteremsha thamostati hakukulindi hata kidogo; zima swichi kuu ya mfumo, ondoa fyuzi yake, ambayo kwa kawaida ni ya ampea 3, kisha uthibitishe kwa mita kwamba hakuna umeme kabla ya kufungua kifuniko. Kama huna leseni ya umeme ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, fanya vipimo hivi chini ya fundi aliye nayo.

Anza kwa kumsikiliza mwenye nyumba, kwa sababu malalamiko yake huelekeza kidole. Rejeta zikipata moto wakati watu wanahitaji maji ya kuoga tu, huenda valvu ya rejeta imekwama ikiwa wazi, au kuna mtu aliyeacha kijiti cha kufungulia valvu kwa mkono kimenaswa kwenye nafasi ya kufungua baada ya kujaza maji. Boila ikiendelea kuwaka wakati thamostati zote zimezimwa, ishuku swichi ndogo. Kabla ya kufikia mkataa huo, kumbuka kwamba baadhi ya boila huiacha pampu izunguke kwa dakika kadhaa baada ya moto kuzimika, na hilo si kosa.

Kisha sukuma kile kijiti cha mkono taratibu. Valvu iliyofungwa na iliyo nzima hukipa ukinzani laini, kisha hukirudisha yenyewe. Kikilegea bila ukinzani wowote ilhali hakuna ombi la joto, ama springi au giya imeshindwa, ama kishina kimekwama valvu ikiwa wazi.

Iwapo kuna ombi lakini valvu haisogei, pima kati ya waya wa kahawia na wa bluu, ambao ni nyutro. Usipopata volti zinazokaribia 240, tatizo liko nyuma, kwenye thamostati, saa au nyaya, na valvu haina hatia. Ukizipata, zima umeme, ondoa kichwa kama ni cha aina inayotoka bila kumwaga maji, kisha jaribu kukizungusha kishina kwa vidole. Kikizunguka kwa wepesi, mgonjwa ni mota, na ukipima koili yake ukakuta saketi imekatika, jambo limekwisha. Kikikataa, huenda uchafu mweusi wa kutu umejikusanya ndani ya mwili, na mota mpya haitasaidia.

Wanaoanza hudanganyika zaidi kwenye waya wa chungwa. Nyumba yenye valvu mbili, moja ya rejeta na nyingine ya tangi la maji moto, huwa na nyaya za chungwa zilizounganishwa pamoja ndani ya sanduku la maungio, kwa sababu zote mbili huwasha boila ileile. Hivyo valvu ya tangi ikiwa wazi, waya wa chungwa wa valvu ya rejeta nao huonyesha umeme hata kama swichi yake ni nzima na imeachia. Mtu asiyejua hili huilaumu valvu isiyo na kosa, huibadilisha, na kesho yake huitwa tena. Zima maombi yote ya joto, zima umeme, tenganisha waya wa chungwa wa valvu moja ndani ya sanduku na uufunike, kisha rudisha umeme na upime kila waya peke yake. Ukipata umeme kwenye waya wa chungwa wakati wa kahawia hauna, hapo swichi imegandamana.

Jihadhari pia na mita ya kidijitali, ambayo inaweza kuonyesha volti 50 au 80 kwenye waya ulioning'inia bila mzigo, kwa sababu tu umelala kando ya waya wenye umeme. Balbu ya kawaida ya nyuzi itakuambia ukweli: isipowaka, hizo si volti za kuwasha boila.

Valvu ya njia tatu inayoweza kusimama katikati ina mpangilio mwingine kabisa. Waya wake wa kijivu si wa umeme wa kudumu, na vipimo nilivyoeleza havihamishiki huko.

Ukishabadilisha sehemu, omba joto, subiri valvu ifunguke na boila iwake, kisha ondoa ombi na usikilize springi ikirudi. Kama kuna valvu mbili, rudia kwa eneo la pili, yaani rejeta au tangi, likiwa peke yake, kisha maeneo yote mawili pamoja, ndipo ufunge kifuniko na kumkabidhi mteja kichwa cha zamani.