Maswali ya Wakulima: Plastiki Kwenye Matuta

SWALI: Mhariri, nimetandaza plastiki nyeusi kwenye matuta ya pilipili hoho. Siku chache baada ya kupandikiza, miche kadhaa imelala na mashina yamebabuka pale yanapopita kwenye tundu. Upepo ukivuma, plastiki inapepea. Je, miche ilikuwa mibovu?

JIBU: Miche haina kosa, plastiki ndiyo imelegea. Rangi nyeusi hufyonza joto la jua. Plastiki ikigusana na udongo, joto hilo huzama ardhini. Pakiwa na mwanya, hewa iliyonaswa chini hupata moto na kutokea kwenye tundu la mche, hivyo shina huungua. Upepo nao husugua ukingo wa tundu kwenye shina laini.

Kwa sasa, jaza udongo ndani ya kila tundu kuzunguka shina ili hewa ya moto isipite, kisha fukia upya kingo zilizofumuka.

Msimu ujao anzia kwenye tuta. Vunja mabonge na sawazisha, katikati painuke kidogo ili maji ya mvua yasituame. Piga hesabu ya upana: tuta lenye sentimita 60 juu na kimo cha 15 hula sentimita 90 za plastiki. Jora likiwa la sentimita 120, zinabaki 15 za kufukia kila upande. Wapo wanaotengeneza tuta la sentimita 80 kwa jora hilohilo, wakabakiwa na 5, halafu lawama anabebeshwa upepo. Tandaza plastiki wakati udongo una unyevu na jua linawaka, kwani plastiki iliyotanuka kwa joto hujikaza jioni. Tundu la sentimita 7 hivi linatosha. Kama unapanda majira ya joto kali, chagua plastiki nyeupe juu, nyeusi chini.

SWALI: Plastiki angavu inaweza kuchukua nafasi ya nyeusi? Na maji yatafikaje mizizini?

JIBU: Angavu hupasha udongo joto zaidi, lakini hupitisha mwanga na magugu hustawi chini yake. Sisi tungeiweka kwa kazi nyingine: kumwagilia shamba tupu na kulifunika wiki 4 hadi 6 za jua kali ili kupunguza vimelea na mbegu za magugu. Nyeusi huzuia magugu karibu yote, ila ndago, ambayo ncha yake hutoboa plastiki. Ing'oe kabla ya kutandaza.

Kuhusu maji, mpira wa matone hutangulia, vitundu vikitazama juu. Fungulia maji ukague mstari mzima kabla ya kufunika. Kuziba kukigundulika baadaye, itabidi uchane. Samadi na mbolea ya kupandia nazo zichanganywe na udongo mapema. Baada ya hapo jihadhari na kuzidisha maji, maana uvukizi umepungua. Ingiza kidole kwenye tundu upime unyevu kabla ya kufungulia tena.

SWALI: Matango yangu yako chini ya kitambaa chepesi cheupe. Maua ni tele, matunda hayashiki.

JIBU: Nyuki hawaingii. Funua mara uonapo maua ya kike, yale yenye kitango kidogo nyuma ya petali. Maua yanayotangulia kwa kawaida ni ya kiume, na kudondoka kwake si tatizo. Aina zinazozaa bila uchavushaji ndizo pekee zinazoweza kubaki zimefunikwa.